Tangi la samaki Shanzu: Pima maji kabla hujanunua mmea

Uliona video kwenye simu. Tangi la kioo, ndani yake kichaka cha kijani kibichi, samaki wadogo wanapita katikati ya majani, taa inamulika kutoka juu. Ukasema hii lazima iingie kwa keja yangu. Ukajibana miezi miwili, ukanunua tangi, taa, filta na vifungu vitano vya mimea.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa fiti. Wiki ya pili majani yakaanza kugeuka manjano. Ya tatu yakawa malaini kama mchicha uliopikwa ukapitiliza. Ya nne ukabaki na mawe, samaki watatu na utelezi wa kijani kwenye kioo. Marafiki wakakucheka, ati mkono wako una nuksi.

Achana nao. Kama unakaa Shanzu, Majaoni, Utange au hata ukivuka daraja kuingia Mtwapa, jambo la kwanza la kuchunguza ni ile ndoo uliyojazia tangi. Video nyingi unazotazama zimepigwa kwenye miji ambayo maji ya bombani ni laini na chumba kina baridi. Wewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mita chache kutoka baharini, na kuna siku chumba chako kina nyuzi 31 saa nne usiku. Huwezi kuiga tangi la mtu wa Tokyo ukatarajia matokeo yake.

Na unapoona ukanda huu wote umesimama juu ya nini, mengine yanaeleweka haraka. Mwamba ulio chini ya Shanzu na Bamburi ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa. Ndio huo huo uliochimbwa Bamburi kutengeneza saruji tangu miaka ya 1950. Maji yakipita ndani yake huyeyusha chokaa na kubeba kalsiamu. Hayo ndiyo huitwa maji magumu. Kisha kuna shida ya pili: kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa sana, hasa wakati wa kiangazi, maji ya bahari hujipenyeza chini kwa chini na kisima kinaingia chumvi. Mambo haya mawili watu huyaita yote "maji ya chumvi", lakini kwa mmea ni tofauti kabisa. Ugumu una mimea inayoupenda. Chumvi ya bahari, ikizidi, inaua karibu kila mmea wa maji baridi utakaouziwa.

Utajuaje una maji gani? Huhitaji maabara. Osha mikono kwa sabuni ya kipande: ikikataa kutoa povu, maji ni magumu. Angalia ndani ya birika la chai: ukoko mweupe uliogandia ni chokaa. Kisha weka tone kwenye ncha ya ulimi na uteme. Ukiisikia chumvi waziwazi, hayo maji usiyatie kwenye tangi la mimea yakiwa peke yake. Mwenye hela kidogo ya ziada anunue kile kipimo kidogo kama kalamu kinachotumbukizwa majini na kusoma jumla ya madini na chumvi iliyoyeyuka. Kwa maoni yangu, ndicho kifaa cha kwanza kununua Shanzu, kabla hata ya mbolea.

Hapa mtaani una vyanzo vitatu. Kuna maji ya mfereji, ambayo upande huu wa kaskazini hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki kule Kaunti ya Kilifi. Chumvi yake huwa chini ya ile ya visima vingi vya ufuoni, ila yana klorini na hayaji kila siku. Yakija, kinga ndoo, iache saa 24 ikiwa wazi chini ya kipande cha chandarua, na klorini itapaa yenyewe. Chandarua si urembo. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kuna maji ya kisima, yale ya mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni. Muulize muuzaji yametoka wapi, maana mkokoteni huo huo unaweza kuleta maji matamu Jumatatu na ya chumvi Alhamisi. Ukijaza tangi bila kuuliza, umecheza kamari.

Halafu kuna mvua, ambayo wengi wetu tunaiacha imwagike. Masika ya Pwani, Aprili hadi Juni, na vuli mwishoni mwa mwaka, vinakupa maji laini bure kabisa. Acha dakika kumi za mwanzo zioshe bati, maana paa la karibu na bahari lina vumbi na chumvi iliyoletwa na upepo, kisha kinga. Paa la makuti halifai sana; maji yake hutoka na rangi ya chai. Usijaze tangi maji ya mvua matupu lakini. Hayana madini karibu yoyote, na samaki na mimea pia wanataka madini kidogo. Changanya: nusu mvua, nusu kisima, na papo hapo umepunguza chumvi ya kisima kwa karibu nusu. Maji magumu yaliyokuwa adui sasa yamekuwa kiungo.

Sasa, mmea gani? Kabla ya kujibu, panda matatu hadi Bamburi, mwendo mfupi tu, uingie Haller Park. Pale palikuwa shimo tupu la machimbo ya saruji, chokaa kavu, jua kali, maji ya chini yenye chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kujaribu miti. Alipanda aina 26. Zilizoweza kuishi zilikuwa tatu tu, na mmojawapo ni mvinje. Hakuendelea kugombana na zile 23. Alijaza machimbo kwa mivinje, akaleta majongoo watafune majani makavu yawe mboji, na baada ya miaka ukawa msitu unaouona leo, wenye viboko na mabwawa ya samaki. Tangi lako ni machimbo madogo. Tafuta mivinje yako.

Mvinje wa kwanza wa tangi la Shanzu ni valisneria, ule mmea wenye majani marefu membamba kama utepe. Huu ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Unaota hata kwenye Ziwa Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH hukaribia 9. Siri yake iko kwenye chakula. Mimea yote inahitaji kaboni. Kwenye maji laini huipata kama hewa ya ukaa iliyoyeyuka, lakini kwenye maji magumu hewa hiyo huwa chache na kaboni nyingi imefungwa ndani ya bikaboneti. Mimea mingi haiwezi kuifungua. Valisneria inaweza. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na tangi lililojaa utepe wa kijani bila mtungi wowote wa gesi, wakati wewe na mmea wako wa bei mnalia. Ukiona unga mweupe juu ya majani yake usiogope: ni chokaa iliyobaki baada ya mmea kunyonya kaboni.

Mwingine wa jamii hiyo ni honwoti, ule unaofanana na mkia wa paka, hauna mizizi na unaelea tu. Una kasi ya ajabu. Unaweza kuukata nusu leo na baada ya wiki mbili ukawa umerudi palepale. Unanyonya uchafu wa samaki kama sponji, na kwa tangi jipya sijaona mmea wa kuuzidi. Ila una tabia ya kupukutisha visindano vyake ukiuhamisha ghafla kutoka maji ya aina moja hadi nyingine, kwa hivyo chukua muda: ongeza maji yako kidogo kidogo kwenye mfuko uliokuja nao, nusu saa nzima.

Kisha anubiasi. Huyu ni Mwafrika pia, kutoka misitu ya Kameruni, Kongo na Afrika Magharibi. Majani mazito ya kijani iliyokolea, hata samaki watafunaji humkwepa. Hana haraka, jani moja jipya kwa wiki tatu ni kawaida. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kumfukia. Kile kishina kinene kinacholala, ambacho mizizi hutoka chini yake na majani juu, kikifukiwa mchangani kinaoza. Mfunge kwa uzi wa pamba kwenye jiwe au kipande cha mti, basi. Kangaga wa Java anafungwa vivyo hivyo na huvumilia maji magumu, japo akikaa kwenye maji ya nyuzi 30 muda mrefu majani huanza kupata madoa meusi.

Waache dukani: kabomba, yule mwenye majani laini kama manyoya, anayependa maji laini na huku hugeuka uji, na ile mimea myekundu ya kutambaa chini kama zulia. Zulia lile unaloliona kwenye picha linalishwa gesi ya ukaa kutoka kwenye mtungi, taa kali na mbolea ya kila siku. Aliyeupa ulimwengu mtindo huo ni mpiga picha wa Japani, Takashi Amano, na kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa mita 40 pale Lisbon, ilifunguliwa mwaka 2015, mwaka aliofariki. Ni kazi ya kustaajabisha. Pia ina mafundi wake. Wewe na kodi ya nyumba mnahitaji njia nyingine.

Njia hiyo ipo na ina zaidi ya miaka 20. Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu mwaka 1999 akieleza tangi linalojilisha lenyewe: chini udongo wa kawaida wa shambani, unene wa sentimita mbili na nusu hivi, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, juu yake mchanga kiasi hicho hicho, mimea mingi tangu siku ya kwanza, samaki wachache. Udongo unaoza polepole na kutoa hewa ya ukaa na chakula. Kwa bajeti ya kijana wa Shanzu, sioni njia bora zaidi.

Lakini mchanga upi? Usiteremke ufuoni na ndoo. Kwanza, mchanga wetu ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa tupu. Utaongeza ugumu kwenye maji ambayo tayari ni magumu. Pili, bahari iliyo mbele yetu ina mbuga na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1986, na matumbawe na makombe si mali ya kubebwa. Nenda kwenye yadi ya vifaa vya ujenzi, omba mchanga wa mtoni. Ukifika nyumbani weka kijiko kimoja kwenye kisahani na ukamulie ndimu. Ukitoa mapovu na kuchemka, una chokaa; rudisha au uwape wajenzi. Ukitulia, uoshe mpaka maji yatoke safi. Jaribio hilo hilo fanyia kila jiwe unalotaka kuweka ndani.

Tuje kwenye taa, na hapa wengi huharibu kwa mapenzi. Mmea ni mmea, si ndio, basi apewe mwanga mwingi? Hapana. Mwanga ukizidi chakula na kaboni vilivyopo, anayenufaika ni mwani, ule utelezi wa kijani na zile nyuzi zinazofanana na nywele. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha, na ziwe zile zile kila siku. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, maana wewe utasahau. Na tangi usiliweke dirishani. Jua la Mombasa la saa nane mchana litakupa maji ya kijani kama supu kabla ya Ijumaa. Yakishakuwa hivyo, funika tangi zima kwa blanketi siku tatu, usilishe sana, kisha badilisha maji. Valisneria na anubiasi watavumilia giza hilo; mwani mwingi hautavumilia.

Joto nalo lina visa vyake. Hita uliyouziwa pamoja na tangi mrudishie mwenyewe, huku hatuna kazi nayo. Mimea mingi ya tangi inapenda nyuzi 22 hadi 28, na Februari au Machi maji yako yatapita hapo bila kubisha hodi. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Usiku mimea haitengenezi oksijeni tena, inaivuta kama samaki wanavyoivuta. Ndiyo maana ukiamka alfajiri unakuta samaki wote wamepanga midomo juu ya maji wakihema, halafu saa nne asubuhi wako sawa. Usifikiri wana njaa. Elekeza mdomo wa filta juu ili uso wa maji utikisike usiku kucha, ondoa kifuniko, na elekeza feni ndogo juu ya maji. Feni hupoza kwa kuyafanya maji yapae, na hapo ndipo penye mtego ambao watu wengi wa Pwani hawauoni.

Maji yanayopaa huondoka peke yake. Chumvi na chokaa vinabaki. Ukijazia kilichopungua kwa maji ya kisima, umeongeza chumvi nyingine juu ya ile iliyobaki. Wiki ijayo tena. Baada ya miezi mitatu tangi lako lina chumvi mara mbili ya kisima chenyewe, na wewe unashangaa mbona mmea uliokuwa sawa Januari unakufa Aprili. Kujazia kufanywe kwa maji ya mvua, au ya mfereji. Kubadilisha ni jambo lingine: hapo unatoa maji ya zamani na kuweka mapya, robo ya tangi kila wiki. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54, kwa hivyo robo yake haifiki hata mtungi mmoja. Na hayo unayotoa, kama si ya chumvi, yamwagie sukuma wiki au maua ya mama mwenye nyumba. Yana mbolea ya samaki, na utapata sifa usizozitarajia.

Kwa nini robo kila wiki hata kama maji yanaonekana safi? Kwa sababu ya amonia, inayotokana na mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Kwenye maji yenye pH ya juu na joto, kama yetu, amonia ni sumu kali zaidi kuliko kwenye maji laini ya baridi. Kiasi ambacho samaki wa mtu mwingine wangevumilia, wako watakufa nacho. Mimea ndiyo kinga yako kwa sababu huila amonia. Mimea ikifa, inaoza na kuizalisha. Kwa hivyo jani lililokufa litoe siku hiyo hiyo, na lisha samaki kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili.

Jifunze kusoma majani pia. Jani jipya likitoka manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa chuma. Hutokea sana kwenye maji ya pH ya juu, ambako chuma hugandamana na mmea hauwezi kukinyonya. Tafuta kidonge cha mbolea cha kufukia karibu na mizizi. Majani ya zamani ndiyo yanayogeuka manjano mazima? Hiyo ni naitrojeni, pengine samaki ni wachache sana. Majani ya zamani yana vitundu kama yametobolewa kwa sindano? Potasiamu. Lakini kama umeleta mmea juzi na majani yote yanayeyuka, usikimbilie dawa. Mashamba mengi ya mimea huiotesha juu ya maji, na majani hayo ya hewani hayawezi kuishi chini ya maji. Yataanguka, na mengine yatachipuka. Mpe wiki nne. Mizizi ikiwa bado myeupe na migumu, mmea uko hai.

Na zile chupa zinazouzwa kama kaboni ya maji: kuwa mwangalifu. Nyingi zina kemikali inayoyeyusha valisneria na kuunguza honwoti, yaani ile mimea miwili uliyokuwa unaitegemea.

Upande wa samaki nitapita haraka. Gapi na moli wanapenda maji magumu. Moli hata maji ya chumvi chumvi humkuta ametulia. Wale neoni wa buluu na nyekundu wa kwenye video ni wa Amazon, maji laini, na Shanzu huwa hawadumu. Samaki wa dhahabu atakula mimea kama mbuzi. Ngege na ndugu zake watang'oa yote usiku mmoja kutengeneza kiota.

Kuna jambo moja ambalo ni zito kuliko mmea kufa. Mimea ya dukani ni ghali, na kuna mabarobaro wanaofikiria kushuka kwenye bwawa au kijito huko Kilifi au Kwale kuchuma ya bure. Usiingie. Maji baridi yaliyotuama au yanayokwenda polepole Pwani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake huingia mwilini kwa kupenya ngozi, hata ukisimama majini dakika chache tu. Mkojo wa damu si kitu cha kuchekea. Konokono huyo pia anaweza kuja nyumbani amejificha kwenye majani, na mayai yake ni kama tone la ute chini ya jani. Nunua au omba vipande kwa mtu mwenye tangi, kwani valisneria na honwoti huzaana hadi mwenyewe anatafuta wa kumgawia. Hata hivyo vipande uviweke kwenye ndoo ya peke yake wiki mbili, ukikagua na kuondoa kila konokono, na usitie mkono wenye kidonda.

Ndoo hiyo, na ile ya mvua, na ile ya kutoa klorini, zote zifunikwe. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya hutaga kwenye maji safi yaliyotuama karibu na watu. Mombasa tumepigwa na dengue zaidi ya mara moja, na mwisho wa 2017 hadi 2018 chikungunya ililaza watu mitaa kwa mitaa, viungo vikiuma hata kushika kikombe ni kazi. Tangi lenye gapi halina shida, wanawala viluwiluwi vya mbu. Ndoo isiyo na samaki na isiyo na chandarua ndiyo hatari, na mwenye nyumba akikufukuza nayo atakuwa na haki.

Stima ikipotea, je? Mchana mimea itakushikilia, kwa vile mwanga wa chumbani unatosha kuifanya itoe oksijeni kidogo. Usiku ndio wa kuchunga. Chota maji kwa kikombe na uyamwage tena kutoka juu, mara ishirini kila nusu saa, au nunua pampu ndogo ya betri. Usilishe samaki mpaka stima irudi. Ikikaa saa nyingi, suuza sponji ya filta kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha, maana bakteria waliokufa ndani wataoza na uchafu huo utarudi wote majini. Usiioshe kwa maji ya mfereji yenye klorini.

Mambo yakienda sawa, miezi mitatu hivi, utapata tatizo ambalo hukulitarajia: mimea imezidi. Valisneria imetuma vitawi kila kona, honwoti imeziba taa. Kata bila huruma, acha samaki wapate nafasi ya kuogelea. Kisha swali linabaki, yale makapi yaende wapi.

Yasiende kwenye mtaro, kisima wala bwawa. Gugumaji lililoziba Ziwa Victoria lina asili yake Amerika Kusini, na lilitembezwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 mashua za Kisumu zilikwama bandarini, ikabidi waletwe mbawakawa wadogo kutoka kwao Amerika Kusini kulila. Naivasha ilikuwa imeshapata wake mapema zaidi, salvinia, mmea unaoelea na ambao hadi leo huuzwa kwa matangi sehemu nyingi za dunia. Kipande cha salvinia cha ukubwa wa ukucha kinatosha kuanza upya.

Kwa hivyo anika makapi juu ya bati siku tatu mpaka yavunjike mkononi, halafu yatie kwenye shimo la mboji au chini ya mpapai. Yale mabichi na mazuri yafunge kwenye gazeti lililolowa, uyatie kwenye mfuko, umpelekee yule rafiki aliyesema una nuksi. Mwambie kwanza apime maji yake.